Mpira Uliokatisha Juu ya Injini: Kisa cha Datsun 1600 Iliyozima Kila Ilipopata Joto

Gari lilikuja likitembea lenyewe, na hilo ndilo lililofanya ugonjwa wake uchelewe kueleweka. Asubuhi, injini ikiwa baridi, liliwaka kwa stata moja na kutulia. Kwenye barabara kuu halikuwa na neno. Shida ilianzia kwenye foleni: dakika kumi na tano za kusogea na kusimama, injini inaanza kukohoa, inamisi, inazima. Ukifungua boneti na kusubiri nusu saa, linawaka tena kama vile hakuna kilichotokea. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha koili, plagi, kondensa na kifuniko cha distribyuta. Alikuwa akitibu umeme, na ugonjwa uko kwenye mafuta.

"Na harufu ya petroli?" nikamuuliza.

"Ipo kidogo, fundi. Lakini gari la zamani si ndivyo lilivyo?"

Sivyo. Gari la 1972 lililo salama halinuki petroli, kama lisivyonuka siku lilipotoka kiwandani. Harufu maana yake petroli iko nje ya mahali pake, na chini ya boneti kuna chuma cha moto na kuna cheche. Sentensi hiyo ya mwenye gari nimeisikia mara nyingi mno, na kila nikiisikia naacha kila kitu kingine na kuanza na mabomba ya mafuta.

Ili kisa kieleweke, lazima mpangilio wa injini hii ujulikane. Ni L16, silinda nne, sentimita za ujazo 1,595. Pampu ya mafuta ni ya kimakanika, imefungwa upande wa kulia wa silinda hedi, mbele kabisa, na inasukumwa na kemshafti. Distribyuta iko upande huohuo, chini yake. Plagi nazo ziko kulia. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, iko kushoto, imekaa juu ya manifoldi ya kuingizia, na chini yake tu ndipo inapopita manifoldi ya ekzosi, ile inayotoa moshi wa moto. Kwa hiyo petroli inafika injini upande wa kulia lakini inahitajika upande wa kushoto. Lazima ivuke, na kisa kizima kiko kwenye huko kuvuka.

Nilipofungua boneti injini ikiwa baridi, mpira mweusi wa kupitisha petroli ulikuwa umetoka kwenye pampu, ukapita juu ya waya za plagi, ukakatisha juu ya kava ya tapeti, kifuniko cha juu cha injini, kwa njia iliyonyooka, kisha ukashuka kwenye kabureta ukipitia nyuma yake. Huko nyuma ulikuwa umelala vidole viwili tu kutoka kwenye manifoldi ya ekzosi. Katikati ya mpira huo ilining'inizwa filta ya plastiki, bila kushikwa na chochote. Na ili mpira usiyumbe, mtu aliufunga kwa tai ya plastiki kwenye waya wa plagi ya silinda ya pili.

Hilo la mwisho nalisema kwa uzito wake wote. Waya wa plagi hubeba maelfu ya volti. Ganda lake likipasuka, umeme hutafuta njia ya kutokea, na hapa alikuwa amefungiwa jirani aliyejaa petroli.

Mpira wenyewe niliuchomoa nikaukunja kwa vidole. Juu ulionekana mzima. Ulipokunjika, ngozi ya nje ilifunguka mistari mistari kwenye mkunjo, na kwenye ncha iliyokuwa karibu na ekzosi nyufa ziliingia hadi kwenye nyuzi za ndani. Niliukata kwa urefu. Upande wa ndani ulikuwa umelainika, ukipitisha ukucha unaondoka na utando mweusi. Mpira wa aina ya zamani hufanya hivyo ukikutana na petroli iliyochanganywa na etanoli: nje unakauka, ndani unamomonyoka. Chembe zake husafiri na mafuta mpaka kwenye sindano ya kabureta, ile inayofunga petroli bakuli la kabureta likishajaa, zinakaa pale, na sindano haifungi sawasawa. Bakuli linajaa kupita kiasi, petroli inavuja taratibu kwenye koo la kabureta. Harufu, kwa hiyo, ilikuwa na vyanzo viwili, na vyote vilitokana na mpira mmoja.

Lakini kuzima?

Hapo ilibidi nithibitishe, kwa sababu dalili za koili inayokufa kwa joto na dalili za mafuta yanayokatika kwa joto hufanana sana. Kabla ya kuuchomoa mpira nilikuwa nimeliwasha, nikaliacha lisimame na boneti imefungwa mpaka likazima. Sikutaka kuchomoa plagi nitazame cheche hewani wakati pananuka petroli, na nisingemshauri yeyote afanye hivyo. Nilibana taa ya taimingi, inayomulika kila umeme wa cheche unapopita, kwenye waya wa plagi, nikamwomba mwenye gari apige stata. Taa iliwaka bila kukosa pigo. Umeme upo. Kisha nikatazama kabureta. Kabureta ya Hitachi ya injini hii ina kitu ninachokipenda kuliko vyote: kidirisha cha kioo kwenye bakuli, chenye alama ya kiwango cha mafuta. Asubuhi petroli ilikuwa kwenye alama. Sasa ilikuwa chini kabisa ya kioo, na nilipovuta aseleta kwa mkono hakuna tone lililorushwa kooni. Bakuli lilikuwa tupu na tanki limejaa nusu.

Petroli haina nyuzi moja za kuchemka kama maji. Ni mchanganyiko: sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi, zile nzito huenda hadi karibu 200. Nilipopima joto la nje la mpira pale nyuma ya kabureta, dakika kumi baada ya injini kuzima, kipimajoto kilisoma nyuzi 74. Kwa joto hilo sehemu nyepesi haziwezi kubaki majimaji. Zinageuka mvuke, mvuke unajaa kwenye bomba, na pampu ya kimakanika, ambayo kwenye gari hili ilikuwa ikitoa karibu baa 0.2 tu, inabaki kubana na kuachia povu. Boneti ikiwa wazi joto linatoka, mvuke unarudi kuwa petroli, gari linawaka. Ndiyo ile nusu saa.

Na kwa nini barabara kuu halikuzima? Watu wengi hudhani injini inayofanya kazi ngumu ndiyo inayopata shida hii. Hapa ni kinyume, na hesabu yake ni rahisi. Mpira ule ulikuwa na urefu wa sentimita 60 na kipenyo cha ndani cha milimita 8, kwa hiyo ulibeba mililita 30 hivi. Tuseme injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka bila gari kwenda, inakunywa lita moja kwa saa. Kila tone linakaa ndani ya mpira karibu dakika mbili, likipikwa. Kwenye mwendo, ikinywa lita tisa kwa saa, tone hilohilo linapita kwa sekunde kumi na mbili, na upepo wa mbele unapoza kila kitu. Foleni inaondoa vyote viwili kwa pamoja, yaani mwendo wa mafuta na mwendo wa hewa.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, kwa sababu lina manufaa kuliko sehemu niliyopatia.

Nilibadilisha mpira kwa mpya, mzuri, wenye tabaka la ndani linalohimili etanoli. Nilitoa ile tai kwenye waya wa plagi. Nikasafisha bakuli na sindano. Kisha nikauvika mpira soksi ya kuzuia joto, ile ya nyuzi za kioo yenye karatasi ya kung'aa nje, nikaupitisha palepale ulipopita wa kwanza. Harufu ikaisha. Gari likaenda foleni, na badala ya dakika kumi na tano likazima baada ya ishirini na tano.

Nilibadilisha kitu, sikubadilisha njia. Soksi ya joto inachelewesha joto kuingia, haiondoi. Ikishapata moto kote, inachelewesha pia joto kutoka, na mafuta yaliyomo yanakaa kama uji ndani ya chupa ya chai. Juu ya hayo inaficha mpira: ukivuja, hutaona ufa wala unyevu mpaka soksi yenyewe ilowane. Siku hizi naitumia pale tu ambapo hakuna njia nyingine kabisa, na kwa kipande kifupi.

Wakati huo mwenye gari alikuwa ameshaambiwa na watu wawili kwamba dawa ni pampu ya umeme. Sipingi pampu ya umeme. Ikifungwa karibu na tanki husukuma mafuta badala ya kuyanyonya, na mafuta yanayosukumwa huchemka kwa taabu zaidi kuliko yanayonyonywa, kwa kuwa kunyonya kunashusha shinikizo na shinikizo likishuka nyuzi za kuchemka nazo zinashuka. Lakini pampu ya umeme inaendelea kusukuma hata injini ikizimika kwenye ajali, isipokuwa umeweka swichi ya kuikata. Ikiwa na nguvu kupita kiasi inaishinda sindano ya kabureta na kufurisha bakuli. Kuifunga kwenye gari ambalo bomba lake bado linapita juu ya ekzosi ni kuongeza nguvu nyuma ya hatari ileile. Nikamwomba anipe siku mbili kabla ya kuamua.

Nilirudi kwenye injini nikiwa na tochi na kitambaa, nikaanza kusafisha mbele ya silinda hedi. Sikuwa natafuta petroli, nilikuwa natafuta alama. Chini ya mafuta mazito yaliyogandamana nikakuta tundu la bolti lililo wazi, na kuzunguka tundu hilo chuma kilikuwa safi kwa umbo la klipu. Klipu ilikaa hapo miaka mingi kabla ya mtu kuitoa. Nikatafuta nyingine, nikaikuta upande wa kushoto ikiwa bado imefungwa, tupu, haishiki kitu.

Yaani palikuwa na paipu ya chuma. Ilitoka kwenye pampu, ikazunguka mbele ya injini nyuma ya feni, ikafika kwenye kabureta ikitokea mbele, mbali kabisa na ekzosi. Ni ndefu kuliko njia ya mkato juu ya kava, na kila sentimita iliyoongezeka ina sababu. Hewa inayopita kwenye rejeta na kusukumwa na feni inaipiga muda wote injini inapozunguka, hata gari likiwa limesimama. Na chuma hakiozi kwa petroli.

Kuna jambo lingine ambalo mkato ule ulilivunja, nami sikuliona mwanzoni. Injini imebebwa na vitalu vya mpira. Ukikanyaga mafuta inajipinda upande, ukiachia inarudi. Bodi haijipindi. Pampu na kabureta, vyote viwili, vimefungwa kwenye injini, kwa hiyo vinayumba pamoja. Bomba kati yao halina haja ya kunyumbuka hata kidogo na linaweza kuwa chuma mwanzo hadi mwisho, isipokuwa vipande vifupi vya kuunganishia. Mahali pekee panapohitaji mpira wa kunyumbuka ni pale petroli inapotoka kwenye bodi kuingia kwenye injini, kati ya paipu inayotoka kwenye tanki na mdomo wa pampu. Kwa hiyo nikipanga mabomba, kwanza nagawa: hili ni la bodi, lile ni la injini, na kuvuka kutoka moja kwenda jingine ni mara moja tu. Paipu iliyofungwa ncha moja kwenye bodi na nyingine kwenye injini itapasuka, ni suala la muda. Na mpira mrefu usiofungwa popote utasuguana na kitu mpaka mmoja wao uishe.

Nilichagua paipu ya aloi ya shaba na nikeli, milimita 8 kwa nje, kwa sababu inakunjika vizuri na haishiki kutu. Shaba tupu niliikataa ingawa ni laini zaidi: kwa mtikisiko hukakamaa na kupasuka, na inaharakisha petroli kuharibika na kuacha utomvu kwenye kabureta.

Kabla ya kugusa paipu nilikunja waya mnene wa kuchomelea kwa umbo la njia yote. Waya ukikosea unaunyoosha na kuanza tena, ila paipu iliyokunjwa ikanyooshwa tayari imejeruhika. Nilijaribu umbo la waya mara nne. Mara ya kwanza lilipita karibu mno na nyumba ya themostati, ambayo ni ya moto kama maji yanayopita ndani yake. Mara ya pili lilikaa vizuri lakini lingezuia spana kuifikia bolti ya kurekebisha distribyuta, na fundi atakayekuja baadaye angelikunja kwa hasira. Mara ya tatu lilikuwa na nundu katikati, juu kuliko ncha zote mbili. Nundu hukusanya mvuke, na mvuke uliokwama juu hausogezwi kirahisi na mafuta yanayopita chini yake. Mara ya nne waya ulipanda taratibu kutoka pampu hadi kabureta bila kushuka popote, ukiacha milimita 25 au zaidi kwa feni, mkanda na mpira wa juu wa rejeta. Nilisogeza feni kwa mkono mzunguko mzima nikitazama nafasi hiyo, kisha nikamwomba mwenye gari awashe na kukanyaga huku waya ukiwa umeshikiliwa na klipu, ili nione kama kuna kinachougusa injini ikijipinda.

Kukata na kukunja paipu yenyewe kulikuwa kazi ya saa moja. Nilitumia kikatio cha gurudumu, si msumeno, kwa kuwa msumeno huacha unga wa chuma ndani na unga huo huenda moja kwa moja kwenye sindano. Kila ncha niliitengenezea pete ndogo iliyovimba, ili mpira ukishavutwa juu yake usiweze kuteleza na kutoka.

Maungio mawili ya mpira, moja kwenye pampu na moja kwenye kabureta, kila moja sentimita sita. Mpira unaingia juu ya paipu sentimita mbili na nusu, klipu inakaa nyuma ya ile pete, kamwe si juu yake. Klipu nilizotumia ni zile za mviringo zenye ukingo laini, zinazobana kwa bolti ndogo. Zile za skurubu zenye matundu kwenye mkanda hung'ata mpira kama meno, na mtu akizikaza "kidogo tena kwa usalama" anakata tabaka la ndani bila kujua. Kwenye mpira wenyewe tazama maandishi: SAE 30R7 ni wa shinikizo dogo la kabureta, 30R9 ni wa injini za injeksheni na tabaka lake la ndani huhimili etanoli vizuri zaidi. Niliweka 30R9. Shinikizo lake sikulihitaji, nililihitaji lile tabaka.

Paipu ilishikwa na klipu zenye utepe wa mpira ndani, ya kwanza kwenye lile tundu la zamani.

Filta ilihamia upande wa kunyonya, kabla ya pampu, kwenye ukuta wa ndani wa madigadi ya kulia, ikiwa ya bati na si ya plastiki. Nilipokuwa huko nikakuta kipande cha mpira kinachotoka kwenye paipu ya tanki kimebanwa na bano la bati hadi kimekuwa bapa. Hakikuwa na unyevu wowote. Upande wa kunyonya hudanganya hivyo: palipotoboka hapamwagi mafuta, panavuta hewa, na unachokiona ni mapovu kwenye filta tu. Fundi anayetafuta uvujaji kwa macho na pua hatapaona. Nilikibadilisha, nikakiachia ulegevu wa kutosha injini ijipinde bila kukivuta.

Kazi yote ilifanyika nje, injini ikiwa baridi, terminali ya betri imetolewa, kifuniko cha tanki kimefunguliwa kwanza ili shinikizo lishuke, petroli iliyotoka ikaingia kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, na kizimia moto kikiwa mkononi mwa mtu na si ndani ya buti la gari.

Kabla ya kuwasha nilichomoa waya wa koili, nikafunga karatasi nyeupe laini kwenye kila ncha ya maungio yale mawili, nikapiga stata mpaka bakuli likajaa hadi alama ya kioo. Karatasi haifichi: tone dogo ambalo kidole hakilisikii linaacha doa. Tatu zilikuwa kavu. Ya nne, kwenye mdomo wa kabureta, ilikuwa na doa dogo upande wa chini. Nikachomoa mpira, nikakuta mkwaruzo kwenye mdomo huo, ulioachwa na koleo la mtu aliyeung'oa mpira wa zamani kwa nguvu. Nikausugua kwa msasa mwembamba kwa kuzunguka, si kwa urefu, nikavalisha mpira upya. Kavu.

Kisha mtihani wa kweli. Dakika arobaini likiwa limesimama linanguruma, boneti imefungwa. Nikazima, nikaacha dakika ishirini joto lipande bila feni, kwa sababu huo ndio wakati mbaya zaidi kwa petroli iliyotulia kwenye bomba. Kwenye kioo cha bakuli mafuta yalikuwa chini ya alama kwa milimita mbili au tatu. Stata mara mbili, likawaka. Paipu mbele ya injini ilisoma nyuzi 41.

Kupungua kule kwa milimita mbili kunaonyesha kwamba bakuli lenyewe bado linapata joto kutoka chini, kupitia manifoldi. Hilo bomba haliwezi kulitibu. Linahitaji kutazamwa gasketi nene ya kuzuia joto chini ya kabureta na bati la kinga, na nimemwambia mwenye gari hivyo.

Baada ya kilomita 500 alirudi kama tulivyokubaliana. Klipu mbili zilikubali robo mzunguko zaidi, kwa kuwa mpira mpya hujikalia ukipata joto na kupoa. Nilifunga kibati kidogo kwenye paipu, karibu na pampu, kimechorwa mwezi na mwaka wa mipira ile. Mpira wa zamani, uliokatwa kwa urefu, aliuomba aende nao. Alisema ana rafiki mwenye gari linalonuka petroli kidogo.